Kiangazi kinaisha: Kazi za bustani ya nyumbani zisizosubiri masika

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Januari, nyanya za uani katika nyumba moja ya Kinyerezi, Dar es Salaam, zilitosha kula na kugawia majirani. Sasa ni wiki ya mwisho ya Februari na mistari miwili iliyobaki imechoka. Majani ya chini yamekauka. Ya juu yana michirizi myeupe inayopindapinda, na karibu kila tunda lina kitundu kidogo jirani na kikonyo. Ukilipasua unakuta funza mwembamba wa kijani na uchafu mweusi aliouacha njiani.

Mwenye bustani, mwalimu mstaafu, hajaamua la kufanya. Kwenye ncha za matawi bado kuna maua. Jirani anamshauri apulize dawa mara moja zaidi, kwa hoja kwamba mvua zikianza mimea itachipua upya. Kijana anayemsaidia kumwagilia anataka wang'oe kila kitu leo hii. Mwenyewe anaona uchungu kung'oa mmea wenye maua baada ya kuubebea maji ndoo kwa ndoo kiangazi chote.

Uamuzi huo unazikabili nyua nyingi za Pwani wakati huu. Upepo wa kaskazi unaelekea ukingoni. Kwa kawaida masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, yakiwamo Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba. Katikati ya jua hili na mvua hizo kuna wiki chache ambazo bustani nyingi huwa hazina mtu. Mchicha umetoa maua, maji yanasumbua, na wenye bustani wanasubiri mvua ije iwafanyie kazi.

Mvua haifanyi kazi hiyo. Mboga za Aprili na Mei hupatikana au hupotea kwa yanayofanywa sasa, ardhi ikiwa bado kavu.

Bustani imekuwa jambo la lazima

Kwa familia nyingi za mjini, tuta la mchicha nyuma ya jiko limeacha kuwa pambo. Mboga za majani zikilimwa mbali huharibika njiani, na masika yakikolea barabara za mashambani hukatika, fungu sokoni linapungua ukubwa na bei inapanda.

Kuna pia suala la usalama. Sehemu ya mboga zinazouzwa Dar es Salaam hulimwa mabondeni, kandokando ya mito inayopokea maji machafu ya viwanda na makazi. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya kupima madini kama risasi na kadimiamu katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Zaidi ya miaka 25 imepita na mnunuzi sokoni bado hana namna ya kujua fungu lililo mbele yake limemwagiliwa maji gani. Anayelima uani kwake anajua.

Lakini maji ya kumwagilia nayo ni mgogoro. Mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji. Wapo wanaoona si haki kumwagilia mchicha maji ya bomba wakati nyumba ya pili haina ya kupikia. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake halipo mbali. Maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya kusuuzia vyombo yasiyo na dawa kali ya kung'arisha, yanafaa kabisa yakimwagwa kwenye udongo na si juu ya majani. Nyasi kavu zikitandazwa kwenye tuta, unyevu hukaa muda mrefu zaidi. Anayemwagilia saa 6 mchana anamwagilia hewa.

Kwa wanaotumia maji ya visima, hasa karibu na bahari, kuna dalili ya kuangalia mwezi huu: utando mweupe juu ya udongo. Hiyo ni chumvi iliyobaki baada ya maji kukauka msimu mzima. Kwangua utando huo, utoe nje ya tuta, kisha acha mvua za mwanzo zisafishe udongo. Zitausafisha pale tu ambapo maji yana njia ya kutokea.

Ng'oa au acha?

Michirizi kwenye majani ya nyanya na vitundu kwenye matunda ni kazi ya mdudu ambaye wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Kitaalamu anaitwa Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika Kusini. Aliingia Afrika Kaskazini mwaka 2008, akashuka nchi hadi nchi, na ilipofika 2014 alikuwa ameshaonekana kaskazini mwa Tanzania.

Nondo jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Viwavi hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, ambako dawa nyingi za kupuliza haziwafikii. Wakishiba, wengi wao huanguka chini na kugeuka pupa kwenye udongo. Katika joto la Pwani, safari nzima kutoka yai hadi nondo haizidi sana mwezi mmoja.

Kwa mahesabu hayo, jirani anayeshauri dawa mara moja zaidi hana hoja. Mmea uliochoka hautarudi kuzaa vizuri, na kila siku unayoubakiza unalea kizazi kitakachokuja kula nyanya za msimu ujao. Biringanya, viazi mviringo, mnavu na ngogwe ni vya ukoo huohuo wa nyanya, kwa hiyo navyo viko hatarini.

Mmea unaozaa funza kuliko nyanya hauna kazi tena bustanini, hata kama una maua.

Kung'oa peke yake hakutoshi. Ukiitupa miche pembeni ya uzio, viwavi watamaliza kukua humohumo na nondo wataruka kurudi. Jaza miche na matunda yaliyooza kwenye mfuko wa plastiki usiotoboka, ufunge, uuache juani wiki mbili au tatu. Joto litamaliza kazi. Asiye na mfuko achimbe shimo la kina cha goti na kufukia.

Kabla ya kufukia, pima jambo jingine. Kama kuna mche ulionyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi, sehemu iliyokatwa ikigusa maji. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupuliza, na unakaa kwenye udongo kwa miaka. Tuta hilo usilipe nyanya, hoho, biringanya wala ngogwe. Lipe mchicha, kunde au mahindi, na uoshe jembe kabla ya kuligusa tuta jingine, kwa sababu mvua na udongo ulioganda kwenye zana ndivyo vinavyosambaza ugonjwa huu.

Kwa wale ambao bado wana mazao ya kuokoa, wadudu wa mwezi huu ni inzi weupe, vidukari na utitiri mwekundu, wanaostawi kwenye ukavu na vumbi. Kunyunyizia upande wa chini wa majani maji yenye sabuni kidogo, au maji yaliyolowekwa majani ya muarobaini yaliyotwangwa, kunapunguza idadi yao kama utarudia kila baada ya siku chache. Wauzaji wa pembejeo husema mbinu hizi ni za polepole. Ni kweli. Lakini kwenye bustani ya hatua kumi kwa tano, ambako mtoto anachuma nyanya na kuila palepale, polepole si hasara.

Anayeamua kutumia kiuatilifu cha dukani asome lebo, hasa mstari wa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na ahakikishe bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda na kuuzwa bila lebo haifai kuingia kwenye nyumba yenye watoto.

Tuta la kiangazi halifai masika

Hapa ndipo kosa kubwa zaidi hufanyika, na ni kosa la kimya. Wakati wa jua, mkulima mwenye akili huchimba tuta la kuzama: anashusha udongo, anaacha kingo pembeni, ili kila ndoo ya maji ibaki kwenye mizizi. Ni mpango mzuri kuanzia Desemba hadi Februari. Ukija mwezi wa Aprili, ambao ndio huongoza kwa mvua Dar es Salaam, tuta hilohilo linageuka kidimbwi. Mizizi inakosa hewa, mchicha unakuwa wa njano, bamia zinaoza shina.

Dawa yake ni jembe, na wakati wake ni sasa. Vunja kingo. Pandisha udongo wa njia juu ya tuta mpaka liinuke kama sentimita 20 hadi 30. Upana usizidi mita moja ili ufike katikati kwa mkono bila kukanyaga. Urefu ufuate mwinuko wa ardhi kwa mshazari, maji yapite kwenye njia taratibu bila kubeba udongo. Kazi hii ikifanywa udongo ukiwa mkavu au na unyevu kidogo, huchukua asubuhi mbili kwa uani wa kawaida. Ikisubiri mvua, udongo wa mfinyanzi utaganda kwenye jembe, na ukikanyagwa ukiwa umelowa utashikamana na kuwa mgumu msimu mzima.

Kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbagala tatizo ni jingine. Maji hayatuami, yanapita, na yanapopita yanaondoka na mbolea. Anayemwaga samadi mbichi au urea mwishoni mwa Februari akitegemea mvua iipeleke kwenye mizizi, mara nyingi anailipia ardhi ya chini isiyootesha kitu. Samadi iwe imeoza sawasawa, isitoe harufu kali, na ichanganywe na udongo siku chache kabla ya kupanda. Mbolea ya kuku ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ikiwa mbichi inaunguza miche.

Ndoo, matairi na madumu yaliyotumika kuhifadhi maji ya kumwagilia nayo yahesabiwe sasa. Yasiyo na mfuniko yapinduliwe. Mbu anayeeneza dengue huzaliana kwenye vyombo vya namna hiyo, na wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mlipuko wa mwaka 2019.

Kuchoma au kuozesha

Moshi wa kuchoma takataka za shamba ni harufu ya mwisho wa kiangazi karibu nchi nzima. Wanaochoma wana hoja zao: kazi inaisha siku moja, panya na nyoka wanakosa maficho, majivu yanarudisha potashi kwenye udongo. Wanaopinga wanasema kila moto unapeleka naitrojeni hewani na kuuacha udongo wa Pwani, ambao tayari una mboji kidogo, ukiwa maskini zaidi. Na katika mitaa iliyobanana, moshi wa mmoja unaingia chumbani kwa mwingine mwenye pumu.

Mwandishi huyu yuko upande wa kuozesha, isipokuwa kwa mimea yenye ugonjwa, ambayo ifukiwe. Mabua makavu, nyasi, maganda ya jikoni na chicha za nazi vipangwe kwa tabaka na samadi kidogo, rundo lifike urefu na upana wa mita moja. Likiwa dogo zaidi ya hapo halipati joto. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa. Rundo lililopangwa vizuri hufika nyuzi joto 55 hadi 65 ndani ya siku chache, kiasi cha kuua mbegu nyingi za magugu. Ingiza kijiti katikati, ukitoe baada ya muda mfupi na kukishika. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi, geuza rundo.

Rundo la Februari halitakuwa tayari kwa mvua za Machi. Kwa joto letu linahitaji miezi miwili hadi mitatu, na mvua kubwa zikianza lifunikwe kwa makuti au plastiki lisioshwe rutuba. Litaiva Mei. Na Mei ndipo litakapohitajika kuliko wakati wowote, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini.

Mbegu: dukani au kwenye chupa?

Mchicha uliotoa maua, ambao wengi wanaung'oa kwa hasira, ni hazina. Shina moja lililokomaa hutoa maelfu ya mbegu. Chagua yale yaliyochelewa kutoa maua na yaliyokuwa na majani mapana, kwa sababu ukichukua mbegu za yale yaliyowahi, mwakani mchicha wako utawahi kuzeeka. Kata mashuke asubuhi, yaanike kivulini juu ya khanga, yafikiche, kisha pepeta kwenye ungo mpaka zibaki mbegu nyeusi zinazong'aa. Bamia ziache zikauke kwenye mti mpaka ganda lianze kupasuka. Kunde vivyo hivyo.

Tarehe ya mwisho ya kazi hii inawekwa na hewa. Masika yakishaingia, unyevu hautaruhusu mbegu kukauka, na mbegu yenye unyevu huota ukungu ndani ya chupa. Ikauke sasa, ihifadhiwe kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali pa baridi ndani ya nyumba. Kabla ya kupanda, funga mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota 16 au zaidi, panda kwa kawaida. Zikiota 10, panda mara mbili.

Wauzaji na maofisa wa ugani wana hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Mbegu iliyothibitishwa na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI) imepimwa uotaji na usafi. Chotara nyingi huzaa zaidi na huvumilia baadhi ya magonjwa. Tatizo ni kwamba chotara haihifadhiki: ukipanda mbegu ya tunda lake, miche inatoka mchanganyiko, na kila msimu lazima urudi dukani. Zipo aina zisizo chotara ambazo mbegu yake inarudi vilevile, kama nyanya za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1997.

Kwa uani, mgawanyo mmoja unafaa. Nyanya na hoho nunua, kwa kuwa magonjwa yake ni mengi. Mchicha, bamia, kunde, mlenda na mgagani hifadhi mwenyewe na ugawane na jirani. Mboga hizi za asili zilikaa muda mrefu bila kuthaminiwa na watafiti. Kituo cha Dunia cha Mboga kilichoko Arusha, ambacho kilianza kazi zake huko mwaka 1992, kimekusanya na kuboresha nyingi kati ya hizo.

Kupanda sasa au kusubiri?

Wapo wanaotia mbegu ardhini wingu la kwanza likionekana, na wapo wasiogusa kitu mpaka Aprili. Wa kwanza wanajua kwamba anayewahi ndiye anayekula kabla bei hazijapanda. Wa pili wamewahi kuumizwa na mvua ya kudanganya: inanyesha siku mbili, mbegu zinaota, jua linarudi siku kumi na miche inakauka ikiwa na majani mawili.

Njia ya kati ipo, nayo ni kitalu. Ngogwe huhitaji wiki tano hadi sita kitaluni kabla ya kuhamishwa. Ukisia leo chini ya chanja la makuti, kwa ndoo moja ya maji asubuhi na moja jioni, miche itakuwa imara masika yakiwa yameshatulia. Wiki ya mwisho punguza kivuli na maji ili izoee. Mbegu za kupanda moja kwa moja, kama bamia na kunde, gawa mara mbili: nusu na mvua za mwanzo, nusu wiki mbili baadaye. Na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) usikilizwe kila wiki, usiishie kwenye ule wa msimu mzima.

Ruhusu nyanya zipumzike. Masika ni ya bamia, kunde, matembele na mchicha.

Kuhusu nyanya zenyewe, msimamo wa wengi wanaolima uani ni kuzipanda upya mvua zikianza. Sikubaliani nao. Masika Pwani yanaleta joto na unyevu kwa pamoja, hali inayopendwa na mnyauko bakteria na madoa ya majani. Huko nyanda za juu, Lushoto au Iringa, mvua huleta bakajani. Wakulima wa biashara hulima masika kwa sababu bei ni nzuri, na hulipia bei hiyo kwa bomba la dawa kila wiki. Familia haina sababu ya kuingia gharama hiyo, wala ya kula dawa hiyo.

Sia nyanya kitaluni, chini ya paa, katikati ya Aprili. Zihamishie bustanini nusu ya pili ya Mei, mvua zikipungua na kusi ikileta ubaridi. Shimo la kila mche liwekwe mboji ya rundo ulilopanga Februari. Na tuta liwe lile ambalo halikuwa na nyanya msimu huu.

Kwa hiyo mwenye nyanya zilizochoka azing'oe mwishoni mwa wiki hii, avunje kingo za tuta na aanike mashuke ya mchicha kivulini. Matembele hayahitaji hata mbegu: omba jirani vipande vya urefu wa kiganja na nusu, vichomeke kwenye tuta lililoinuliwa siku mvua itakapolowesha udongo sawasawa. Bamia itakayosiwa katikati ya Machi huanza kuchumwa baada ya siku 50 hadi 60, yaani kuelekea katikati ya Mei, wakati mboga sokoni zikiwa bado ghali.